Shauri la Mmoja, Amana ya Wengi

Mwuza nguo huikunjua kanga mbele ya mnunuzi, akaivuta pindo kwa vidole viwili ili rangi na ufumaji wake vionekane katika mwanga wa mlangoni, na mnunuzi, kabla hajatoa fedha, huwa amekwisha kuijua nusu ya kile anachokinunua. Mwuza shauri la fedha hana cha kukunjua. Bidhaa yake ni maneno yanayosemwa leo na kuthibitika, au kukanushwa, baada ya miaka kumi. Na kwa kuwa mnunuzi hana mizani ya kuyapimia maneno yenyewe, humpima yule ayasemaye, sura yake, sauti yake na adabu yake, kisha akamkabidhi jasho la umri mzima. Kwa sababu hiyo kazi hii, ambayo leo twaiita ushauri wa uwekezaji, ni kazi ya amana kabla ya kuwa kazi ya hesabu. Na namna ya kuwaongoza na kuwakuza watu waifanyao si jambo la utawala wa ofisi peke yake, bali ni jambo la kujua amana ya watu wengi itasalimika vipi ikiwa imewekwa mikononi mwa watu wanaokosea, wanaougua, wanaotamani na wanaohama.

Tumfikirie mwalimu mstaafu wa miaka 60, aingiaye Jumatano asubuhi katika ofisi ya namna hiyo mjini Dar es Salaam, bahasha ya kaki kwapani, na ndani ya bahasha barua ya mfuko wa hifadhi ya jamii yenye kuonyesha mkupuo wake kama ulivyotoka katika kikokotoo cha pensheni.

"Shikamoo, Mwalimu," asema kijana mshauri.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na hizi. Sitaki zipotee."

Nyumbani amewaacha wenye rai zao. Mwanawe wa kwanza ataka pikipiki mbili za bodaboda. Mpwa wake amemletea habari za chama kinachorudisha fedha maradufu kwa miezi michache, na Mwalimu, aliyekwisha kuona mwaka 2009 serikali ikiusimamisha upatu wa DECI, ambako watu "walipanda mbegu" kwa kuwa jirani yao alikuwa amevuna, amekataa kwa heshima lakini hakulala vizuri. Kijana amsikiliza, ampigia hesabu, kisha amshauri anunue hati fungani ya serikali ya miaka 25, ambayo mtu aweza kuanza nayo kwa shilingi milioni moja na ambayo hulipa riba mara mbili kwa mwaka. Shauri hilo halina uongo ndani yake. Lakini katika fomu iliyojazwa mapokezini, karani wa kike mwenye miezi minne kazini ameandika kwa mkono wake mstari mmoja: ada ya mjukuu, chuo kikuu, baada ya miaka miwili. Fedha iliyofungwa kwa miaka 25 haiwezi kulipa ada ya miaka miwili ijayo ila hati iuzwe katika soko la upili kwa bei ya siku hiyo, na ikiwa riba za hati mpya zitakuwa zimepanda, bei ya hati ya zamani itakuwa imeshuka. Mshauri hakuusoma mstari ule. Karani anaujua, kwani ndiye aliyeuandika. Basi swali zima la uongozi wa timu katika kazi hii limo katika jambo hili moja, kama karani huyo atanyamaza au atasema, na akisema, kama atasikilizwa kabla Mwalimu hajatia saini.

Ufundi huu kwetu ni mchanga, na uchanga wake waeleza mengi. Soko la hisa la Nairobi liliandikishwa mwaka 1954 likiwa chama cha hiari cha madalali, na wenyeji wa nchi hawakuwa na nafasi ndani yake mpaka baada ya uhuru wa 1963. Tanzania, iliyokuwa imeshika njia nyingine ya uchumi tangu Azimio la Arusha la 1967, ilitunga sheria ya masoko ya mitaji mwaka 1994, ikaandikisha Soko la Hisa la Dar es Salaam mwaka 1996, na mauzo yakaanza Aprili 1998 kwa hisa za kampuni moja tu, Tanzania Oxygen. Na Mfuko wa Umoja, mfuko wa uwekezaji wa pamoja uliomwezesha mtu wa kipato cha kawaida kununua vipande, ulifunguliwa mwaka 2005. Fundi wa majahazi wa Lamu anaye baba, na huyo baba alikuwa na baba, wa kumwuliza ubao ukunjwe vipi usipasuke. Mshauri wa fedha hapa kwetu hana babu wa kazi. Wakuu wa nyumba hizi za ushauri aghalabu walitoka katika mabenki, bima na uhasibu, wakapewa uongozi kwa kuwa waliuza kuliko wenzao, na hakuna aliyewaambia kwamba kuuza sana na kuwalea wauzaji ni elimu mbili mbalimbali, na kwamba ya kwanza mara nyingine huizuia ya pili, kwa maana mtu aliyezoea kumaliza kazi mwenyewe huona taabu kumngojea mwanafunzi aikosee.

Gharama ya uchanga huo ilionekana Nairobi. Mwanzoni mwa Machi 2008, mwaka mmoja tu baada ya Francis Thuo & Partners kuanguka, nyumba ya udalali ya Nyaga Stockbrokers iliwekwa chini ya usimamizi wa kisheria; na mwishoni mwa mwezi ule ule milango ikafunguliwa kwa umma kununua hisa za Safaricom kwa shilingi 5 hisa moja, watu wakapanga foleni, na maombi yakazidi mara kadhaa hisa zilizokuwapo. Wengi wa wateja wa nyumba iliyofungwa walilalamika kwamba hisa zao ziliuzwa bila idhini yao, na mfuko wa fidia ulikuwa na mpaka wa shilingi 50,000 kwa mdai. Mwenye kusoma habari hizo kwa jicho la mwanasheria ataona makosa ya watu. Mwenye kuzisoma kwa jicho la kiongozi atajiuliza swali la pili, yaani katika nyumba iliyopangwa vizuri, ni mikono mingapi ingalipaswa kugusa agizo la kuuza hisa za mtu kabla hazijauzwa. Apokeaye agizo asiwe ndiye alitekelezaye, alitekelezaye asiwe ndiye aandikaye hesabu, na aandikaye hesabu awe na ruhusa ya kuuliza agizo lilitoka wapi. Hapa timu haikuundwa kwa ajili ya kupendeza au kuchangamka. Imeundwa ili uaminifu usitegemee hali ya moyo wa mtu mmoja siku ya shida.

Walakini nyumba nyingi, zinapotaka kuendelea, hazianzi hapo. Huanza kwa kutafuta nyota: yule mshauri wa nyumba jirani ambaye jina lake latajwa katika hafla, mwenye simu mbili na orodha ndefu ya wateja, ambaye akipewa mshahara mkubwa na gari huaminika kwamba atakuja na baraka zake zote. Juu ya imani hiyo upo utafiti ambao kila mkuu wa nyumba ya ushauri angefaa kuufahamu. Boris Groysberg wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwafuatia wachambuzi wa hisa zaidi ya elfu moja wa Wall Street, katika miaka ya 1988 hadi 1996, akawaangalia hasa wale waliotajwa kuwa nyota katika orodha ya kila mwaka ya jarida la Institutional Investor. Akaona kwamba waliohama nyumba, asilimia 46 kati yao walifanya vibaya katika mwaka uliofuata. Kwamba kwa wastani utendaji wa waliohama ulishuka kwa kiasi cha asilimia 20. Na kwamba hata baada ya miaka mitano haukuwa umerudi mahali pake. Akili yao haikupungua walipovuka barabara kwenda jengo jingine. Kilichopungua ni wale waliobaki nyuma: msaidizi aliyejua takwimu ipi haiaminiki, mwenzi wa meza ya pili aliyekuwa akipinga, karani aliyekumbuka ahadi, na mazoea ya nyumba ambayo nyota aliyatumia bila kuyaona, kama samaki atumiavyo maji. Ndiyo maana waliohama pamoja na wenzi wao hawakushuka kama waliohama peke yao.

Kwa hiyo mwanga tuuonao kwa mtu mmoja mara nyingi ni mwanga wa kukopa, na aliyekopesha hakutajwa. Kiongozi aelewaye hivyo hatamchukia mtu hodari, wala hatamfunga mikono. Bali atauliza juu ya kila mteja mkubwa wa nyumba yake, ni nani wa pili anayemjua mteja huyu kwa jina, kwa sauti na kwa haja zake? Pale ambapo jibu ni "hakuna", nyumba haina mteja. Mshauri ndiye mwenye mteja, na siku atakapoondoka ataondoka naye. Dawa yake ni nyepesi kuitaja na nzito kuitenda: kila mteja awe na washauri wawili, mkubwa na mdogo, wakae naye pamoja tangu siku ya kwanza, na kila kikao kiandikwe katika jalada kwa maneno ambayo mgeni wa nyumba aweza kuyasoma na kuyafahamu. Washauri hodari huchukia kuandika, na sababu si uvivu siku zote. Wanajua kwamba kile kisichoandikwa ni chao. Kiongozi asiyethubutu kuidai kalamu yao amekubali kuwa mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Hapo ndipo lifikapo suala la malipo, kwa kuwa maonyo yote ya mdomo hushindwa na mshahara unaosema kinyume chake. Mwaka 2016 ilidhihirika huko Marekani kwamba wafanyakazi wa benki ya Wells Fargo, waliokuwa wamewekewa malengo makali ya kumwuzia kila mteja huduma nyingi, walikuwa wamefungua akaunti kwa mamilioni ambazo wateja hawakuziomba. Benki ikatozwa dola milioni 185, na watumishi wapatao 5,300 walikuwa wamefukuzwa kazi kwa ajili hiyo katika miaka michache. Watu elfu tano hawawi waovu kwa bahati, katika miji mbalimbali, kwa namna moja. Walikuwa wakijibu swali waliloulizwa kila jioni, na swali lenyewe lilikuwa moja tu: umeuza ngapi? Uingereza, kwa upande wake, ilikwisha kuona hatari hiyo, na tangu mwisho wa mwaka 2012 ikapiga marufuku washauri kupokea kamisheni kutoka kwa wenye bidhaa wanazozipendekeza, ili anayelipa awe yule anayeshauriwa.

Kwetu dalali wa hisa bado hula kwa kila mauzo, na si haki kumlaumu kwa kupenda mteja wake auze na kununua mara kwa mara, maana ndivyo mkate wake ulivyookwa. Lakini nyumba inayoshauri yaweza kuchanganya vipimo vyake: sehemu ya malipo itokane na kazi ya mtu mwenyewe, sehemu itokane na hali ya timu yake yote, na sehemu, ingawa ndogo, izuiwe mpaka ijulikane kama mteja wa mwaka juzi yungali mteja mwaka huu na kama jalada lake limekamilika. Yule karani wa Mwalimu, akilipwa mshahara usioguswa na lolote lililompata Mwalimu, ataona kwamba mstari alioandika ni wino tu. Akijua kwamba usalama wa Mwalimu umo katika fungu lake la mwisho wa mwaka, na kwamba kosa lililozuiwa huandikwa kwa sifa kama mauzo yanavyoandikwa, atakuwa na sababu ya kuinuka kitini.

Sababu, hata hivyo, haitoshi bila idhini. Nasi watu wa pwani na bara yake tumelelewa kwamba mdogo hasemi mbele ya mkubwa ila ameulizwa, na kwamba kumkosoa mtu mbele za watu ni kumvua nguo. Adabu hiyo ni johari, na sioni fahari kwa kiongozi anayeitupa kwa kuiga desturi za watu wengine. Ila adabu isiyotafutiwa mlango hugeuka kuwa ukuta. Mtafiti Amy Edmondson, alipochunguza makosa ya dawa hospitalini katika miaka ya 1990, alitarajia kwamba timu zilizo bora zitakuwa na makosa machache, akastaajabu kuona zina ripoti nyingi zaidi. Mpaka akafahamu kwamba timu zile hazikuwa zikikosea zaidi, zilikuwa zikisema zaidi. Timu yenye orodha safi ya makosa inaweza kuwa timu yenye watu waoga.

Mlango wenyewe si wa kubuni. Mahakama kuu ya Wayahudi wa kale, ilipohukumu kesi za kifo, ilianza kwa rai za wadogo, na mahakama za kijeshi za Uingereza zilishika desturi kama hiyo, ili mdogo asiufuate ulimi wa mkubwa. Nyumba ya ushauri yaweza kufanya hivyo kila Jumatatu asubuhi: majalada matatu yasomwe kwa sauti bila kutaja jina la mshauri, na wa kwanza kuulizwa "lipi lingeweza kumwumiza mteja huyu?" awe aliyeingia kazini mwisho. Kwa namna hiyo mdogo hamkosoi mkubwa. Anajibu swali aliloulizwa, na heshima ya kila mtu imebaki mahali pake. Na siku ile mkuu mwenyewe atakapoleta jalada lake lenye kosa, akalisoma bila kujitetea, atakuwa amefundisha kwa robo saa yale ambayo semina ya siku tatu ufukweni haiwezi kuyafundisha.

Kuhusu ukubwa wa timu yatosha kusema machache. J. Richard Hackman, aliyewachunguza marubani na wanamuziki wa okestra, alishikilia kwamba matokeo ya timu hutokana zaidi na jinsi ilivyoundwa kuliko na hotuba za kiongozi wake, na kwamba timu ya kazi ifaa iwe ndogo. Hesabu nayo inamuunga mkono, kwa kuwa watu watano wana njia 10 za kuzungumza wawili wawili, na watu kumi na wawili wana njia 66, na kila njia yataka wakati. Tena mhandisi Mfaransa Ringelmann, aliyewavutisha watu kamba, alikuta kwamba katika kundi la wanane kila mmoja alivuta kama nusu tu ya nguvu aliyovuta alipokuwa peke yake. Wapo wasemao kwa hoja hiyo kwamba timu ni kivuli cha wazembe, tena hupunguza makali ya wenye vipaji. Na hoja yao ina kweli ndani yake pale ambapo kazi imeitwa ya wote bila kuitwa ya yeyote. Lakini jalada lenye herufi za jina la kila aliyeligusa, aliyepokea, aliyechambua, aliyeshauri, aliyehakiki, ni kamba ambayo kila mvutaji ana alama yake juu yake.

Limebaki suala la kukuza watu, ambalo ndilo refu kuliko yote na ndilo linaloahirishwa kuliko yote. Kenya ilitunga mwaka 2015 sheria ya kuwasajili wachambuzi wa uwekezaji na fedha, na mitihani yao husimamiwa na bodi ya mitihani ya KASNEB. Hatua hiyo ni njema, kwa sababu mtu asiyejua bei ya hati hushuka kwa nini riba ipandapo hana haki ya kushika fedha ya mwingine. Walakini mtihani humfundisha mtu hati, haumfundishi mjane anayeinunua. Elimu hiyo ya pili hupatikana kwa uanagenzi: mwaka wa kwanza kijana aketi kando, aandike yaliyosemwa na yaliyonyamaziwa, wa pili atunge rasimu ya shauri na kuitetea mbele ya mkubwa wake, wa tatu azungumze na mteja, mkubwa akiwa amenyamaza kimya, jambo ambalo kwa mkubwa ni saumu ngumu, na ndipo apewe wateja wake, akiwa na mdogo wake kando, ili naye aanze kufundisha angali anakumbuka ugumu wa kujifunza. Hakuna bajeti kubwa inayotakiwa kwa haya. Kinachotakiwa ni saa za wakubwa, na saa za wakubwa ndizo nyumba hizi zinazoona ghali, kwa vile kila saa ya kufundisha ni saa isiyouza. Hesabu hiyo husahau bei ya kumtafuta mshauri mpya kila baada ya miaka miwili, na bei, isiyoandikwa popote, ya wateja waliorudi nyumbani kimya wasionekane tena.

Turudi basi kwa Mwalimu. Tuseme karani alisema, Jumatatu iliyofuata, kwa kuwa aliulizwa kwanza. Shauri likagawanywa, sehemu kubwa ikaenda katika hati fungani, na sehemu ya ada ikawekwa katika vipande vya mfuko wa ukwasi ambavyo mwenyewe aweza kuviuza kwa muda mfupi. Miaka miwili imepita. Yule kijana mshauri amehamia nyumba nyingine, kama vijana wahamavyo, na Mwalimu amepanda ngazi akiwa na bahasha ile ile, sasa imechakaa pembeni. Amwulizia kijana wake mapokezini, aambiwa hayupo tena. Na kwa kitambo kidogo asimama pale akiishika bahasha kwa mikono miwili, kama mtu aliyefika kituoni akakuta gari limekwisha kuondoka. Mlango wa ndani wafunguka, karani wa zamani, ambaye siku hizi ana meza yake na mdogo wake kando, atoka na jalada mkononi.

"Shikamoo, Mwalimu. Karibu ndani. Mjukuu amepata chuo gani?"

Mwalimu aketi, na bahasha aiweka juu ya meza.